Viza ya meli, udi na bahari inayolevya

SWALI: Binti yetu anayeishi nje ametukatia tiketi ya meli ya kitalii, mimi na baba yake. Ni siku 7: tunapandia Barcelona, meli inapita Marseille, Genoa, Palermo na Tunis, kisha inaturudisha Barcelona. Tuna pasipoti tu, viza bado. Mzee ana presha, nami bahari hunilevya. Boti ya Pemba tu nilitapika njia nzima. Tuanzie wapi? Na udi wangu naruhusiwa kuubeba? – Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kuzaa mwenye kukumbuka.

Anzeni na viza, na kabla ya viza tazameni Tunis. Hispania, Ufaransa na Italia zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo viza moja inawatosha kote. Tunisia haimo. Meli ikielekea Tunis mnahesabiwa mmetoka Schengen, na ikirudi Barcelona mnaingia mara ya pili. Kubaki kabini siku ya Tunis hakusaidii, kwa kuwa mwisho wa safari lazima mshuke Barcelona. Kwa hiyo kwenye fomu ombeni kuingia zaidi ya mara moja, na mwambatishe ratiba ya meli yenye bandari zote. Mkirudishiwa pasipoti, someni stika ya viza papo hapo: penye idadi ya kuingia pawe na 02 au MULT (mara nyingi). Pakiandikwa 01, mnaweza kukataliwa kupanda meli mkiwa mmeshafika gatini. Tunisia nayo ina masharti yake ya viza, hivyo binti aiulize kampuni ya meli na apate jibu kwa maandishi.

Kwa kuwa mnaanzia na kumalizia Barcelona, maombi ni ya Hispania. Yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 ndiyo mwisho. Nyie wekeni miezi miwili au mitatu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Mtakwenda Dar es Salaam wenyewe kutoa alama za vidole. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi, na hapa wengi hukosea: hununua ya Schengen peke yake, wakati Tunis haimo na daktari wa melini hutoza pesa. Itajeni Tunisia, itajeni meli, na presha ya mzee msiifiche, maana bima hukataa kulipia ugonjwa uliofichwa.

Kuhusu kulevywa: omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi, kama kwenye mashua yoyote. Binti aombe kabini ya katikati ya meli, sitaha za chini. Dawa inayotumika sana ni sinarizini: mtu mzima humeza miligramu 30 saa mbili kabla ya meli kuondoka, kisha 15 kila baada ya saa nane. Usisubiri mpaka mate yajae kinywani. Ukishaanza kutapika, kidonge hutoka nacho. Husinzisha, kwa hiyo mwonyeshe mfamasia orodha ya dawa zako zote kwanza. Dawa za mzee zikae kwenye paketi zake, za siku 14, ndani ya begi la mkononi. Mabegi makubwa hupokewa gatini na huweza kufika kabini jioni.

Udi, mama, acha nyumbani. Chetezo, hata cha umeme, mishumaa, pasi na heta ya maji huzuiwa melini kwa hofu ya moto, na huchukuliwa begi likipita kwenye mashine. Kanga na madira chagua yasiyodai pasi. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa mara nyingi haziingii kwenye soketi za melini. Nunueni adapta ya miguu miwili ya duara. Nyama na maziwa hayaingii Ulaya. Tende zinaruhusiwa.

Kadi ya benki: meli huzuia kiasi fulani cha pesa kama dhamana, na kwenye kadi zetu za kawaida pesa hiyo huchelewa kurudi. Kampuni nyingi hupokea dhamana taslimu, nayo ndiyo ningeichagua.

Fikeni Barcelona siku moja kabla, maana ndege ikichelewa meli haingoji. Na msitoke Tanga asubuhi ya siku ya ndege. Foleni ya kuingia Dar mnaijua. Kila bandari, kabla ya kushuka, linganisheni saa zenu na saa ya meli. Tunis inaweza kupishana na Barcelona kwa saa nzima, na ngazi hupandishwa kwa saa ya meli.