Kampuni haijalipa kodi ya nyumba yangu: nani anadaiwa?

SWALI: Wakili, salaam. Nafanya kazi katika kampuni ya uchukuzi hapa Malaba, Uganda. Barua yangu ya ajira inasema kampuni itanilipia kodi ya nyumba, shilingi 600,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ilimtumia mwenye nyumba pesa moja kwa moja, kisha ikaacha. Mkataba wa nyumba nilisaini mimi. Sasa mzee ananidai, na amekuja na barua ya LC1 (baraza la kijiji) akisema Jumamosi atatia kufuli. Deni ni langu au la kampuni?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Kwa mwenye nyumba, deni ni lako. Mkataba ule ni wenu wawili. Barua ya ajira ni makubaliano mengine ambayo yeye hayumo. Kwamba kampuni ilimlipa mwaka mzima hakuifanyi kuwa mpangaji, ilikuwa inakulipia wewe. Ingekuwa vingine kama mkataba ungekuwa kwa jina la kampuni: hapo ungeweza kuipoteza nyumba, lakini malimbikizo angeidai kampuni. Kwa hiyo rudi ukurasa wa saini. Ulisaini kwa jina lako tu, au kwa niaba ya kampuni, tena kwa idhini yake? Na je, kampuni ilitia saini popote kama mdhamini?

Kuhusu kufuli, usitishike. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, hata kama anadaiwa, na anayefanya hivyo anatenda kosa. Barua ya LC1 si amri ya mahakama, ingawa ule muhuri huwatetemesha wengi. Mwandikie mzee hivyo, ila kwa heshima, na umtajie tarehe ya kupunguza deni. Pesa yake anaidai kihalali.

Ugomvi wako hasa ni na mwajiri. Kodi aliyoahidi kwa maandishi ni sehemu ya masharti ya kazi yako, basi peleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya, Tororo. Beba barua ya ajira, ushahidi wa malipo ya mwaka ule wa kwanza na karatasi zako za mshahara. Hizo za mshahara zisome mstari kwa mstari: nimeona waajiri wanaomkata mfanyakazi kodi ya nyumba kila mwezi na isimfikie mwenye nyumba. Ukikuta makato hayo, hudai marupurupu tena, unadai mshahara wako.

Mzee akikushtaki, una siku 15 tangu kupokea samansi kuwasilisha utetezi. Usizilalie, maana hukumu inaweza kutoka bila wewe kusikilizwa. Ndani ya kesi hiyohiyo unaweza kuomba ruhusa ya kuiingiza kampuni kama mtu wa tatu, ili mahakama iiamuru ikufidie utakachoamriwa kulipa.

Ukiamua kulipa mfukoni mwako kwanza, dai risiti yenye jina lako na miezi uliyolipia. Mwajiri ataiulizia siku utakapomdai.