Maua ya nyanya yanapukutika: maswali ya bustani msimu wa kaskazi

Tangu Desemba hadi masika yashike, jua la Pwani linazitesa mboga. Barua nyingi tulizopokea zinauliza dawa gani ipulizwe. Kabla hujafungua chupa, geuza jani uangalie chini yake, kisha chimbua udongo uone una unyevu kiasi gani.

Nyanya zangu zinachanua vizuri, lakini maua yote yanapukutika. Nipulize nini? (Mbagala)

Usipulize kitu. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku ukabaki juu ya nyuzi 22 hivi, chavua, ule unga wa ua unaotungisha tunda, inaharibika na ua linakauka kwenye kikonyo chake. Dar es Salaam, Januari na Februari, usiku wenyewe ni kama nyuzi 25. Simamisha urea kwanza, maana itakuletea majani tu. Weka kivuli chepesi cha makuti au neti upande wa magharibi, kikinge jua la saa sita hadi saa kumi, na tikisa matawi taratibu kati ya saa mbili na saa nne asubuhi ili chavua idondoke. Utaokoa matunda machache. Mavuno ya kweli yanataka usie mbegu katikati ya Aprili, miche ichanue kuanzia Juni usiku ukiwa umepoa. Kwa sasa shamba lipe bamia, biringanya, kunde na matembele. Hizo joto zinalijua.

Biringanya zinalegea mchana na kusimama jioni. Sasa mitatu imenyauka kabisa ingali kijani. Ni ukosefu wa maji? (Bagamoyo)

Kulegea saa nane na kusimama jioni ni kawaida ya jua kali. Mche usioamka asubuhi, na udongo una unyevu, ndio wa kutilia shaka. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Subiri dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka pale ulipokata, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mche pamoja na mizizi yake, uuchome, usiutupe kwenye mboji. Safisha jembe kabla ya kugusa mingine, na usiruhusu maji yatiririke kutoka shimo hilo kwenda kwa mizima. Hapo usirudishie nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, panda mahindi.

Uzi usipotokea, tazama mizizi. Ikiwa na vifundo kama shanga, ni minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni. Bamia nazo hushambuliwa sana, kwa hiyo usizipeleke hapo.

Majani yana vidoa vya manjano na utando kama wa buibui. Nimepuliza dawa ya wadudu mara tatu, hali inazidi. (Tanga)

Inazidi kwa sababu ya hiyo dawa. Utitiri mwekundu si mdudu, ana miguu minane kama buibui, na dawa nyingi za wadudu humwacha hai huku zikiua wale wanaomla. Hakikisha kwanza: gonga jani juu ya karatasi nyeupe, utaona nukta zinatembea. Kata majani yaliyochakaa, kisha osha upande wa chini wa yaliyobaki kwa maji yenye nguvu, asubuhi tatu mfululizo. Baada ya hapo changanya vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji isiyo na jiki kwa lita 1 ya maji, ujaribu kwenye majani mawili na kungoja hadi kesho yake. Yasipoungua, pulizia jioni, chini ya majani. Sabuni inaua kile ilicholowesha tu, na mayai hubaki. Rudia baada ya siku 4, mara tatu. Ukishindwa, duka la pembejeo liulize dawa ya utitiri hasa, na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Nimwagilie kiasi gani? (Kigamboni)

Tuta la mita 1 kwa 4 lililojaa mboga linataka ndoo moja ya lita 20 kwa siku ya jua kali. Kwenye mchanga gawa nusu asubuhi, nusu jioni. Mfinyanzi mpe ndoo mbili kila baada ya siku moja. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha vidole viwili kuzunguka shina. Mpira wa maji ukilala juani, maji ya mwanzo hutoka ya moto: yamwage pembeni. Kingo za majani zikiungua na kisima chako kina ladha ya chumvi, acha maharage, baki na mchicha na spinachi.

Mbegu za mchicha hazioti. (Kibaha)

Mara nyingi sisimizi wamezibeba. Changanya mbegu na mchanga mkavu, sia, fukia kidogo sana, zungushia majivu pembezoni mwa tuta na funika kwa makuti. Siku ya tatu anza kuchungulia. Ukiona vichwa vyekundu vinatokeza, ondoa makuti jioni hiyohiyo, maana yakichelewa miche hurefuka na kulala.