Re: Nianze na nyongeza ipi ya Arkham Horror?

Ndugu, unasema wewe na mkeo mmemaliza kisanduku cha msingi cha Arkham Horror, ule mchezo wa kadi wa hadithi za kutisha, na hela inatosha visanduku viwili tu. Chukua kampeni ya Dunwich kwanza, yaani mfululizo wa hadithi mnazocheza moja baada ya nyingine. Ndani mna hadithi nane, tena sheria zake si ngumu kwa wawili wanaoanza. Hapa Jinja, kando ya Ziwa Victoria, tuliicheza kwa taa ya sola umeme ulipokatika, na ile hadithi ya treni sitaisahau: kadi za mabehewa mnazipanga mstari mmoja, kisha behewa la nyuma linatoweka, halafu linalofuata, nanyi mnakimbilia injini. Tulikuwa tumeshikana mikono!

Cha pili, usikimbilie kampeni nyingine. Nunua fungu la kadi za mpelelezi mmoja, yaani mhusika unayemchezesha, lile dogo lililokwisha kupangwa. Mimi nampenda Stella Clark. Akishindwa jaribio anapata tendo la ziada, mara moja kila raundi, kwa hiyo mgeni hakati tamaa. Nyongeza ya wapelelezi wa Dunwich, kisanduku kingine chenye wahusika na kadi zao, ni nzuri, ila itasubiri.

Na kadi zivalishe mifuko ya plastiki mapema. Unyevu wa ziwa unazipinda vibaya sana.