Kucheza gemu peke yako si kasoro

Ndugu, umeuliza kama una tatizo kwa sababu wenzako wote wanacheza mtandaoni kwa makundi, na wewe unafurahia gemu za mchezaji mmoja. Huna tatizo hata kidogo. Usiziache.

Mimi nazipenda kwa utulivu wake. Kwenye gemu ya Red Dead Redemption 2, iliyotoka 2018, unaweza kushuka kwenye farasi wako, ukamsugua kwa brashi mpaka matope yote yamtoke, kisha ukasimama tu kutazama jua likizama. Hakuna anayekupigia kelele masikioni kwamba unawachelewesha. Simu ikiita unasimamisha gemu, na ukirudi unakuta kila kitu pale pale ulipokiacha. Kwenye mechi ya mtandaoni, ukitoka dakika 2 tu timu imeshaumia.

Kuna na hili la uhai wa gemu yenyewe. The Crew, gemu ya magari ya 2014, ilitegemea intaneti muda wote. Seva zake, yaani kompyuta za kampuni zilizoiendesha, zilipozimwa 2024, hata waliozoea kuendesha magari peke yao hawakuweza tena kuicheza. Kwa hiyo kabla hujanunua, hakikisha inachezeka bila mtandao.

Ila marafiki usiwatupe. Ile raha ya kushinda pamoja, mkicheka na kulaumiana, gemu ya peke yako haikupi. Chagua usiku mmoja wa wiki ucheze nao, na uwaambie mapema utatoka saa ngapi. Siku nyingine endelea na hadithi ya gemu yako, na tafadhali usifungue video za waliokwisha kuimaliza, zitakuharibia utamu.