Mfongo Ukikauka, Je, Ni Barafu ya Kibo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mfongo (mfereji wa kumwagilia) unaopita kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la nyumbani, aliuchimba babu pamoja na ukoo wake. Siku hizi maji hupungua kila Januari, hata tunapangiana zamu za usiku kumwagilia migomba. Nikiamka alfajiri na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikawa wazi, naona weupe umebaki vipande vipande tu. Je, barafu ikiisha, mfongo nao utakufa? Msomaji, Old Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, macho yako hayakudanganyi. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilienea karibu kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilisalia pungufu ya 2. Hata hivyo, si hiyo inayojaza mfongo wako. Kule juu, penye baridi kali na hewa kavu, sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na yale machache yanayotiririka ni sehemu ndogo mno ya maji ya mito ya mlima.

Maji yenu hutoka msituni. Mvua nyingi zaidi upande wa kusini hunyesha kwenye ukanda wa msitu, kuzunguka mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ikazama ardhini na kuibukia kwenye chemchemi mnazozitegemea ninyi na walio mbali, hadi bonde la Pangani. Juu zaidi, miti yenye ndevu za kuvumwani hunasa ukungu na kuudondosha tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Moto umeteketeza sehemu kubwa ya miti hiyo na kuushusha mpaka wa msitu, na sote tunaukumbuka ule wa Oktoba 2020 uliowaka kwa siku nyingi. Mimi binafsi huuogopa moto huo kuliko jua linalokula barafu.

Sisemi kwamba kutoweka kwa barafu ni jambo dogo. Vijana wengi wa vijiji vyenu ni wapagazi na waongozaji, na mgeni hulipa fedha nyingi ili apite kando ya kuta zile nyeupe karibu na kilele.

Kuhusu mfongo, pandeni na wazee hadi kwenye banio, pale maji yanapoingizwa mfongoni, kabla ya kiangazi. Tazameni kama miti iliyoizunguka chemchemi imekatwa, na kama kingo zinavujisha maji njiani kabla hayajafika kihambani.