"Stationery" au "stationary"? Mimi kosa hili nilishalilipia

Mleta mada anafungua duka la kutoa kopi na kuuza madaftari. Fundi wa mabango kamwandikia "STATIONARY", shemeji yake anasema hapo pamekosewa, na simu inayapokea maneno yote mawili bila kuweka mstari mwekundu. Anauliza amsikilize nani.

Mkuu, msikilize shemeji, na mwahi fundi kabla rangi haijakauka. Duka lako ni "stationery", yenye e.

Nalijua hili kwa hasara. Mwaka 2013 nilichukua fremu karibu na chuo kimoja Morogoro, nikaanza na mashine ya fotokopi ya mtumba, kompyuta moja na rimu sita za karatasi. Bango likaandikwa kwa bluu, herufi kubwa, "STATIONARY", na mimi nikalipiga picha nikawatumia ndugu. Miezi minane hakuna aliyesema kitu. Halafu akaja mhadhiri mmoja, mzee mcheshi, akaegemea kaunta na kuniuliza, "Kijana, duka lako lilitaka kwenda wapi hadi utuandikie kwamba halitembei?" Nikacheka kwa heshima tu, sikuelewa kitu.

Nilielewa wiki mbili baadaye. Nilipeleka profoma kwenye shule moja ya sekondari, mhasibu akazungushia kalamu nyekundu kila lilipotokea neno lile: kwenye kichwa cha karatasi, kwenye maelezo, mpaka ndani ya mhuri. Mhuri ndio uliouma. Bango unapaka rangi herufi moja basi, mhuri unachongesha upya.

Sasa tofauti yenyewe. "Stationary" ni sifa ya kitu kisichosogea. Gari lililosimama ni "stationary". Baiskeli ya mazoezi, ile unayopiga pedali jasho likutoke na bado uko palepale, ni "stationary". Waliosoma hesabu za kidato cha tano na sita wanakumbuka "stationary point", pale mchoro unapofika kileleni, haupandi tena na bado haujaanza kushuka. Hata satelaiti zinazorusha televisheni kwenye madishi yetu zinaitwa "geostationary", kwa a. Ziko juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, zinazunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo ukizitazama kutoka chini ni kama zimeganda angani. Ndiyo maana fundi akishalenga dishi lako hulisogezi tena.

"Stationery" ni nomino: karatasi, bahasha, kalamu, faili, stepla, vitu vya ofisini na shuleni. Matamshi ni yaleyale. Mwingereza akiyatamka huwezi kujua kasema lipi, na wao wenyewe hukosea kuandika. Simu nayo haitakusaidia, maana yote mawili ni maneno halali, na yenyewe haijui unauza nini.

Namna yangu ya kukumbuka niliibuni kwa Kiswahili, maana zile za vitabuni hazikunikaa. Kaa, ganda, tia nanga: maneno ya kutulia yamejaa a. Peni na penseli zina e. Imeisha. (Kuna mjanja atakuja na "karatasi", ina a tatu. Huyo muacheni.)

Ukitaka sababu na si ujanja wa kukariri, angalia mtu wa kazi hiyo. Muoka mikate ni "baker", mahali pake "bakery", ndiyo bekari yetu. "Grocer" akatupa "grocery", ingawa hapa kwetu grosari ukiingia unakuta bia. Na muuza karatasi ni "stationer". Ongeza y, unapata "stationery". E ilikuwepo tangu kwa mwenye duka.

Na kilichonifurahisha nilipochimba zaidi: maneno haya mawili ni ndugu kabisa. Zamani wachuuzi wengi Ulaya walikuwa kama machinga wetu, wanatembeza bidhaa. Mwenye kibanda cha kudumu aliitwa kwa Kilatini "stationarius", yaani wa kituoni, shina lilelile lililotuletea stesheni. Kwenye vyuo vikuu kama Bologna na Paris, karne ya 13, watu hao walishika nakala za vitabu zilizogawanywa vipande vipande. Mwanafunzi anakodi kipande, anakinakili kwa mkono, anarudisha, anachukua kingine. Wakuu, hiyo si ndiyo biashara yetu ya kuweka hendauti ya mhadhiri kaunta? Wametutangulia miaka 700 na zaidi, umeme tu hawakuwa nao. London nako wenye kazi hiyo waliunda chama chao mwaka 1403. Kwa hiyo mzee wangu wa chuo alinitania, lakini kihistoria duka langu kweli lilikuwa halitembei.

Jambo moja la pembeni kwa wanaoomba zabuni: msiandike "stationeries". Kwa vifaa, neno halina wingi, kama maji. Andika "stationery" hata kama unapeleka lori zima. Kuliita duka lenyewe "stationery" ni mazoea yetu, na sioni ubaya, kila mteja anaelewa.

Mleta mada, fundi anaandika kile ulichompa, kwa hiyo usimtajie kwa mdomo. Muandikie kwenye karatasi, herufi kubwa, na karatasi hiyohiyo mpe mchonga mhuri. Mimi ile A niliipaka rangi nikaandika E juu yake. Jua la saa nane likilipiga bango, A bado inachungulia kwa chini.