Tuta kwenye mchanga: maswali yenu ya bustani

Pepo za kaskazi zimeanza, na wengi mnalalamika mboga zinakauka.

Nimejenga tuta la matofali hapa Jambiani, kimo cha kiuno, nisiiname. Namwagilia asubuhi, adhuhuri mchicha umelala. Nimekosea wapi?

Kimo, ndugu yangu. Tuta refu ni dawa ya udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Mchanga wako hauyashiki hata ukiwa chini, ukiuinua, unauanika. Bakisha shubiri moja juu ya ardhi, uchimbe na shubiri mbili kwenda chini. Huko tandika makumbi yaliyolowekwa, tumbo juu, yakinge maji kama vikombe. (Makumbi ya usumba, yale ya kutolewa nyuzi za kamba, yaliyofukiwa pwani yana chumvi, yasuuze kwanza.) Kisha jaza karai mbili za mchanga kwa moja ya samadi iliyooza, isiwe mbichi, itaunguza mizizi. Funika kwa nyasi kavu, na usiache hata kiganja cha mchanga kikitazama jua. Samadi huliwa upesi kwenye mchanga wetu, kwa hiyo ongeza kila unapopanda upya. Kama mgongo ndio tatizo, vuta kigoda. Mimi ndivyo nifanyavyo.

Makunduchi mawe ya matumbawe ni bure. Nizungushie tuta?

Zungushia. Mchwa hawayali, tofauti na magogo ya mnazi. Yapange makavu tu, bila saruji, na vipande vidogo visiingie ndani ya tuta: vina chokaa, na chokaa ikizidi mmea haupati madini ya chuma. Utaona majani machanga ya tungule yamegeuka manjano, mishipa imebaki kijani. Na tafadhali, usikate mikoko kwa ajili ya vigingi.

Mwani unaotupwa na bahari ni mbolea?

Ni mbolea, ukishapigwa na mvua za masika au kusuuzwa mara mbili. Uchanganye na samadi, usiwe badala yake.

Kisima chetu Micheweni kina maji ya chumvichumvi. Nipande nini?

Mchicha na kunde. Maharage na vitunguu hawatakupenda. Wengi humwagilia kikombe kikombe kwa kuogopa chumvi, kumbe ndivyo inavyojikusanya juu. Mimina maji mengi kwa mpigo, jioni, shinani na si majanini, chumvi isukumwe chini. Hapo ndipo mchanga unapokusaidia, maana haubishani na maji.

Kivuli je?

Makuti, upande wa magharibi.